Chagua mti wa maua kwa majani yake ya Agosti

Kila ifikapo Mei, vitalu vya miche vya kaskazini mwa Marekani na kusini mwa Kanada huwa na pilikapilika kama soko la mkesha wa Idi. Mlangoni imepangwa miti midogo ndani ya makopo, imesheheni maua meupe, ya waridi na mekundu hata majani hayaonekani. Mingi kati yake ni mitufaha ya mapambo, jamaa wa karibu wa mti wa epo, ambao matunda yake hayazidi sentimita 5 kwa upana na mara nyingi hayafiki hata 2. Mnunuzi huangalia maua, huuliza bei, hupakia garini. Miongoni mwa wanunuzi hao siku hizi wamo wasemaji wa Kiswahili wa Louisville, Columbus, Minneapolis na Portland ya Maine: familia zilizotoka Kongo zikapitia kambi ya Nyarugusu, na Wakenya na Watanzania waliokwenda kusoma wakabaki, ambao sasa wana nyumba zenye uwanja wa nyasi mbele na wanataka mti wa kuupendezesha. Hoja yangu ni kwamba wanunuzi hawa, pamoja na majirani zao waliozaliwa hukohuko, wanachagua mti katika mwezi usiofaa kuchagulia. Anayetaka mti wa maua wa kukaa naye miaka 30 asiuhukumu Mei. Auangalie Agosti, wakati hauna hata ua moja, ahesabu majani yaliyobaki juu yake.

Sababu ni kwamba Mei kila mtufaha wa mapambo ni mzuri, ulio mzima na ulio mgonjwa. Tofauti hujitokeza baadaye, na kinachoitokeza zaidi ni ugonjwa wa ukoko, unaoletwa na kuvu iitwayo Venturia inaequalis, ileile inayowatoa jasho wakulima wa matufaha ya kula karibu kila nchi yanakolimwa. Kuvu hiyo hupitisha majira ya baridi ndani ya majani yaliyoanguka chini ya mti. Majira ya kuchipua yakifika na mvua ikanyesha, majani hayo makavu hurusha vijimbegu hewani, navyo hutua juu ya majani mapya yanayofunguka. Jani likikaa limelowa kwa saa kama 9 au 10 katika joto la nyuzi 18 hadi 24, maambukizi yameshaingia. Siku chache baadaye, wiki mbili hivi, huonekana doa la kijani cha zeituni lenye unyoya laini ukiligusa, na kingo zake zimetawanyika kana kwamba rangi imemwagika kwenye kitambaa. Doa hukoza likawa kahawia nyeusi, jani hujikunja na kuwa njano, kisha hudondoka. Kila doa nalo huzaa vijimbegu vingine ambavyo kila mvua huvirushia majani ya jirani, kwa hiyo mwaka wenye mvua za mfululizo huweza kuuacha mti usio na kinga umebaki matawi matupu na matunda machache yenye magamba kabla Agosti haijaanza. Mti haufi. Hilo ndilo linalowapumbaza wengi, maana Mei inayofuata unachanua tena, angalau kidogo, na mwenye nyumba anausamehe.

Hapa hutokea pingamizi la kwanza, nalo ni la haki kabisa: mtu aliyenunua mti kwa ajili ya maua ana haja gani na majani? Maua hudumu wiki moja, pengine mbili kukiwa na ubaridi na upepo usiwe mkali, na kwa wiki hizo yeye yuko radhi kuvumilia mengine. Pingamizi hili lingesimama kama maua yangekuwa kitu kilicho mbali na majani. Lakini machipukizi ya maua ya mtufaha hayaundwi majira ya kuchipua. Huundwa majira ya joto ya mwaka uliotangulia, kuanzia Juni na kuendelea, mti ukiwa na majani yanayotengeneza chakula na kukihifadhi kwenye matawi na mizizi. Ndiyo maana watu wa kitalu hukuonya usiupogoe baada ya katikati ya Juni, kwani unakuwa unayakata maua ya mwakani bila kujua. Mti unaopoteza majani Julai unafanyiwa jambo lilelile na ugonjwa badala ya mkasi. Miaka miwili mitatu ya kuvuliwa nguo hivyo mapema, maua hupungua, matawi ya juu huanza kukauka ncha, na baridi kali ya Januari huukuta mti hauna akiba. Kwa maneno mengine, anayejali maua tu ndiye hasa anayepaswa kujali majani, kwa kuwa majani ya Agosti ndiyo maua ya Mei ijayo.

Marekani ilijifunza somo hili kwa gharama. Mwaka 1920 mtaalamu wa mimea Niels Hansen wa South Dakota alitoa mtufaha wa mapambo uitwao Hopa, wenye maua ya waridi iliyokoza na uwezo wa kustahimili baridi ya nyanda za kaskazini ambayo huua miti mingi ya bustani. Ulikuwa mti wa ajabu kwa wakati wake, na hakuna haja ya kumlaumu Hansen: alikuwa akitafuta mti usiokufa kwa baridi, akaupata. Miji ya kati ya nchi iliujaza kwenye mitaa na bustani zake kwa miongo kadhaa. Ila Hopa hauna kinga yoyote ya maana dhidi ya ukoko, na palipopandwa mingi kwa pamoja, kila mti ukawa shamba la kuvu la mwenziwe. Leo orodha za vyuo vikuu vya kilimo huuweka kwenye kundi la miti isiyofaa kupandwa, pamoja na Radiant uliotoka Minnesota. Bado mtu hukutana nayo yote miwili katika mitaa ya zamani, mizee, ina maua mazuri kwa siku 10 na sura ya mti uliopigwa na njaa kuanzia Julai.

Kinachofurahisha ni kwamba dawa ya ugonjwa huu ilikuwa imekaa ndani ya jamii hiyohiyo ya mitufaha ya mapambo, na waliofaidika wa kwanza ni walaji wa matufaha. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, mwanzoni mwa karne iliyopita, mtafiti C. S. Crandall alichanganya tufaha la kula la aina ya Rome Beauty na mtufaha wa mapambo wa Kijapani, Malus floribunda, mche uliopewa namba 821. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1940, iligunduliwa kwamba baadhi ya uzao wa miti hiyo haukuguswa na ukoko ilhali miti iliyoizunguka ilikuwa imeliwa. Vyuo vya Purdue, Rutgers na Illinois vikaungana kuichukua kinga hiyo na kuiingiza kwenye matufaha makubwa, kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1970 likatoka tufaha la kwanza la mradi huo, Prima. Tangu hapo aina nyingi za matufaha zinazostahimili ukoko zimebeba kinga iliyotoka kwa mti uliokuwa umepandwa kwa sababu ya uzuri wake. Wazalishaji wa aina mpya za miti ya mapambo nao hawakulala. Chuo hichohicho cha Illinois kilitoa Prairifire mwaka 1982, wenye maua mekundu ya zambarau na majani yanayobaki safi mpaka yanapodondoka kwa wakati wake. Hifadhi ya Taifa ya Miti ya Marekani, iliyoko Washington, ilitoa Adirondack mwaka 1987, mti mwembamba uliosimama wima, maua meupe, unaofaa pembeni mwa njia ya gari pasipo na nafasi. Na anayetaka mti mfupi wa kukaa chini ya dirisha ana mtufaha wa Sargent, ambao Charles Sargent, mkurugenzi wa kwanza wa Arnold Arboretum ya Boston, aliukuta Hokkaido nchini Japani mwaka 1892: hauzidi sana mita 2 au 3 kwenda juu, hutanuka kuliko unavyorefuka, na una kinga nzuri, ingawa una tabia ya kuchanua sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata.

Kwa hiyo hakuna anayelazimishwa kuchagua kati ya uzuri na afya. Miti mizuri yenye afya ipo, inauzwa kwa bei ileile, pengine kwenye kitalu kilekile, hatua chache kutoka ule unaougua. Tatizo ni kwamba Mei yote miwili inafanana, na mara nyingi ulio mgonjwa ndio uliosheheni zaidi. Nakubali pia kwamba kinga si ya milele. Kuvu nayo hubadilika. Huko Ulaya zimeshapatikana aina za ukoko zinazoishinda kinga ya floribunda, na hata kuushambulia mti wenyewe wa floribunda. Hilo linanifanya nitake watu wapande aina tofautitofauti mtaani badala ya kila nyumba kununua mti uleule uliopendeza kwa jirani. Halinifanyi nirudi kwenye Hopa.

Wapo watakaosema dawa ipo dukani, tatizo liko wapi? Dawa za kuua kuvu zipo kweli na hufanya kazi, kwa sharti zitumike kabla ugonjwa haujaonekana. Mtu hupaswa kuanza kunyunyiza machipukizi yanapoonyesha ncha ya kijani, kisha arudie kila baada ya siku 7 hadi 14 hadi wiki kadhaa baada ya maua kupukutika, na mvua kubwa ikinyesha katikati aanze kuhesabu upya. Mti wa mita 6 haufikiwi na chupa ya kunyunyizia ya mkononi. Unataka pampu, ngazi, au kumlipa mtu mwenye gari la dawa. Mkulima mwenye ekari 50 za matufaha hufanya hivyo kwa sababu matufaha yanamlipa. Mwenye nyumba anayeamka saa 10 alfajiri kwenda zamu ya kiwandani atafanya mwaka wa kwanza, labda wa pili, wa tatu ataacha, na namwona ana haki. Isitoshe, baadhi ya dawa za mchanganyiko zinazouzwa kwa watu wa kawaida zina sumu ya wadudu ndani yake, na kuzinyunyiza mti ukiwa umechanua ni kuwatilia nyuki sumu mezani. Kuzoa majani yaliyoanguka husaidia, na ni vyema kufanywa, ila vijimbegu huja na upepo kutoka ua wa pili. Kinga iliyomo ndani ya mti haisahau tarehe, na haiombi ngazi.

Kuja kwa vijimbegu kutoka ua wa pili ni jambo ambalo watu wa mjini hulipuuza, kana kwamba uzio wa mbao unazuia kitu. Kuna ugonjwa mwingine wa mitufaha, kutu ya rangi ya chungwa, ambao hauwezi kukamilisha maisha yake bila kuhama kati ya miti ya aina mbili: mtufaha na mtarakwa wa Virginia, ndugu wa mitarakwa ya milima ya Kenya. Mvua za majira ya kuchipua zikinyesha, vinundu kwenye matawi ya mtarakwa huvimba na kutoa pembe laini za utelezi za rangi ya chungwa, na vijimbegu vyake husafiri hadi kwenye majani ya mitufaha iliyo mbali. Jimbo la Virginia liliona hasara ya wakulima wake wa matufaha, likatunga sheria mwaka 1914 ya kuruhusu mitarakwa iliyo karibu na mashamba hayo ikatwe kwa amri. Wenye mitarakwa ya mapambo walipinga, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1928 mahakama hiyo, katika kesi inayojulikana kama Miller dhidi ya Schoene, ikaamua kwa kauli moja kwamba jimbo lina haki ya kuukata mti wa mtu mmoja ili kuuokoa wa mwingine, bila kumlipa thamani ya mti. Sidai kwamba serikali iingie kwenye nyua za watu na shoka kwa sababu ya Hopa. Nasema tu kwamba ikiwa majaji walikubali mwaka 1928 kuwa ugonjwa wa mti hauishii kwenye mpaka wa kiwanja, mnunuzi wa leo hana sababu ya kushangaa akiambiwa uchaguzi wake unawahusu majirani.

Msomaji makini ataweza kunigeuzia hoja yangu kwa kunitajia mpeasi wa Bradford. Mti huo una asili ya China, na jamii yake iliingizwa Marekani mwanzoni kwa sababu ya ukinzani wake dhidi ya ugonjwa wa bakteria unaounguza matawi ya mipeasi na mitufaha. Wizara ya Kilimo iliutoa kwa umma mwaka 1963 kama mti wa maua wa mitaani. Maua yake meupe hutangulia mengine mengi, na majani yake Agosti yanang'aa bila doa. Kwa kipimo changu, mti huo ungefaulu kwa alama za juu. Hata hivyo, mwaka 2023 Ohio ilipiga marufuku kuuza jamii hiyo ya mipeasi, na mwaka 2024 South Carolina ikafuata. Matawi yake huota yamebanana kwa pembe nyembamba, na ukifikisha miaka 15 au 20 dhoruba moja huupasua katikati. Tena, ulipochavushwa na aina nyingine za mpeasi wa jamii yake ulianza kuzaa, ndege wakazitawanya mbegu, na sasa kando za barabara na mashamba yaliyoachwa zimejaa vichaka vyake vyenye miiba. Nalikubali pigo hilo. Afya ya majani ni mtihani wa kwanza, si wa pekee, na mpeasi ule ulianguka katika mitihani ambayo nayo haionekani Mei: umbo la mti ukiwa mtu mzima, na zinakokwenda mbegu zake. Mitufaha ya mapambo nayo baadhi hujiotea nje ya bustani, ila haijafikia kiwango hicho, na mnunuzi mwangalifu anaweza kuuliza kuhusu hilo pia.

Matunda ndiyo malalamiko makubwa ya wenye nyumba, na hapa nawaelewa nusu. Vitufaha vya sentimita 3 au 4 vinavyodondoka Septemba kwenye njia ya kupita watu huoza, huteleza na kuita nyigu. Baadhi ya watu kwa hofu hiyo hununua Spring Snow, usiozaa kabisa, halafu wanakuta wamejipatia mti unaoambukizwa ukoko kwa urahisi: wameepuka kufagia matunda Septemba, wamejitwika kufagia majani Julai. Suluhisho bora ni kutafuta mti wenye vitufaha vidogo, chini ya sentimita 1.5, vinavyong'ang'ania tawini. Vitufaha vya namna hiyo huwa vigumu na vichungu mwanzoni, hakuna anayevigusa. Baridi ya kugandisha ikivipiga mara kadhaa hulainika, na katikati ya majira ya baridi, theluji ikiwa imefunika chakula kingine, huja kundi la ndege wadogo wa kahawia wenye kishungi, kinyago cheusi machoni na ncha ya mkia ya njano, wakaumaliza mti mzima kwa siku moja au mbili, kila mmoja akimeza kitufaha kizima bila kukitafuna. Hakuna cha kufagia baada yao. Na kwa wapenda kupika, zipo aina zinazozaa kwa ajili ya jikoni: Dolgo, ambao nao ulitokana na mbegu alizoleta Hansen kutoka Urusi, na John Downie wa Uingereza, ambao vitufaha vyake vyenye ukali hutoa jeli inayoganda yenyewe bila kuongezwa kitu kwa kuwa vina pektini nyingi. Jambo jingine dogo ambalo wauzaji hulisahau: mwenye mti mmoja wa epo la kula usiozaa vizuri, mara nyingi anachokosa ni chavua ya mti wa aina nyingine, na mtufaha wa mapambo unaochanua wakati mmoja nao unaweza kuutatulia shida hiyo. Wenye mashamba makubwa ya jimbo la Washington huipanda kati ya mistari kwa kazi hiyohiyo.

Kuna pia wanaosema, kwa nia njema, kwamba mtu apande mti wa asili ya hapo tu, kwa faida ya wadudu na ndege wa hapo. Naunga mkono msimamo huo kwa sehemu kubwa, na mwenye kiwanja kikubwa angefanya vizuri kuanza na mwaloni. Lakini mitufaha mwitu ya asili ya Marekani ya kati na mashariki, Malus coronaria na Malus ioensis, hushambuliwa vibaya na ukoko na kutu pia, na kwenye ua wa mita 10 uliozungukwa na majirani inaweza kuwa chanzo cha ugonjwa kwa wengine. Ipandwe penye nafasi na hewa, mbali na mitarakwa.

Msomaji wa Arusha au Mombasa huenda ameanza kujiuliza yote haya yanamhusu nini, au pengine ameshaanza kutafuta mbegu kwenye intaneti. Asihangaike. Mtufaha wa mapambo, kama jamaa zake wengi, hulala usingizi wa baridi na hauamki vizuri mpaka upitie mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7 hivi. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hazijui baridi hiyo. Matufaha ya kula yanayolimwa kwenye miinuko kama Kabale na Njombe ni ya aina zilizochaguliwa kwa sababu hazihitaji baridi nyingi, kama Anna kutoka Israeli na Dorsett Golden kutoka Bahamas. Huko Batu, kwenye milima ya Java ya Mashariki, wakulima hulazimika hata kuyapukutisha majani kwa mkono ili mti udhani baridi imepita. Kujitwisha kazi hiyo kwa ajili ya mti usiozaa tunda la maana, wakati mringaringa huchanua maua meupe yaliyojaa nyuki bila kuombwa, ni kutafuta taabu. Kununua mbegu ni kosa juu ya kosa, kwa sababu kwa kawaida mitufaha haitoi mtoto anayefanana na mama. Prairifire huwa Prairifire kwa kuunganishwa tawi lake kwenye shina la mti mwingine. Mbegu yake itakupa mti usiojulikana, wenye kinga au usio nayo.

Kwa wale wa Columbus na Louisville, ninachowataka wafanye ni kazi ndogo. Waende Agosti kwenye bustani ya mimea ya umma iliyo karibu nao, ambako miti huwa na vibao vya majina, watazame ipi bado imejaa majani ya kijani katika hali ya hewa ya hapohapo, waandike majina, ndipo waende kitaluni wakati wa kupanda na karatasi mkononi. Vitalu navyo vingeweza kuwapunguzia safari kwa kuongeza mstari mmoja kwenye lebo inayoning'inia tawini: kinga dhidi ya ukoko, nzuri, ya wastani, au hakuna. Urefu huandikwa, rangi ya ua huandikwa, hata kiwango cha jua. Afya haimo, na sioni sababu ya kutokuwemo isipokuwa kwamba ingewachelewesha wanunuzi wa Mei kufungua pochi.

Na mwenye Hopa tayari? Kama unampa kivuli na unamfurahisha, auache, azoe majani yote kabla ya theluji, apunguze matawi ya katikati mwishoni mwa majira ya baridi ili hewa ipite na majani yakauke haraka baada ya mvua, na akate machipukizi yanayoota chini kwenye shina la kuunganishia. Kama kwa miaka mitatu mfululizo umekuwa mtupu kufikia Julai na maua yanapungua, aukate. Mti mpya asiupande kwenye shimo lilelile. Udongo uliokaliwa na mtufaha kwa miaka mingi hudumaza mtufaha mchanga unaoufuata, na mita chache upande wa pili wa uwanja, penye jua la saa 6 au zaidi, zitaupa mwanzo mzuri zaidi kuliko mbolea yoyote.